Makorora kwa Miguu, Skrini Jichoni

Kama hujawahi kufika Tanga, kitu cha kwanza kitakachokushangaza si bahari, wala hayo mahaba ambayo kila mtu anadai yalizaliwa huko. Ni baiskeli. Mji ni tambarare, hivyo kila mtu anaendesha: mzee wa kanzu, mwanafunzi, muuza samaki, fundi na ngazi yake begani. Na baiskeli haina mlio kama bodaboda. Kengele unaisikia ikiwa imeshafika kwenye kiwiko chako.

Ukitaka kuyaona hayo vizuri, nenda Makorora. Raskazone waachie wanaotafuta upepo wa bahari. Huku ni uswahilini hasa, nyumba zimebanana, baraza zina watu, na barabara ni ya wote: bajaji, mbuzi, watoto na mpira wao wa makaratasi. Wifi yangu anakaa huku, ndiyo maana mimi na mister tunakuja kila tukipata nafasi. Mtaa kama huu unautembea kwa macho na masikio. Ukizubaa, imekula kwako.

Safari hii tulimkuta shemeji yuko likizo kutoka Muscat, kaja na miwani. Si ya jua jamani! Ni ile yenye kiskrini ndani ya lenzi: meseji ikiingia unaisoma hewani, ukiuliza njia mshale unajitokeza mbele ya jicho. Jina la kampuni naliacha. Mister akaivaa, tukatoka kwa miguu kuelekea Ngamiani.

Hatujafika hata kona, nikamwona kabadilika. Hatua zimekuwa fupi, shingo imekakamaa, kila ninachosema anajibu "enhee". Na nilichokuwa nasema si kidogo: mama mkwe anaumwa, na lazima tuamue kama mmoja wetu ahamie Tanga. Katikati ya sentensi yangu, mwenzangu akaingia barabarani. Baiskeli ya muuza mikate ilimpita upana wa kidole. Mama mmoja barazani akanipigia kelele, "Mwanangu, mvue mumeo hicho kioo, utakuwa mjane na bado kijana!"

Baraza zima likacheka. Mimi sikucheka. Niliporudi Dar nikaanza kusoma, na msomaji wangu, kuna mambo ya kujua kabla hujamnunulia mpenzi wako zawadi ya namna hii.

La kwanza: jicho kutazama na akili kuona ni vitu viwili. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris, wakiwa Harvard, waliwaonyesha watu video ya wachezaji wanaopasiana mpira, wakawaambia wahesabu pasi. Katikati akapita mtu kavaa vazi la sokwe. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona kabisa! Kwa hiyo anayekwambia "lenzi inapitisha mwanga, barabara naiona" anasema kweli nusu tu. Barabara ipo machoni, akili ipo kwenye meseji.

Watengenezaji wanalijua hilo. Google Glass, iliyoanza kuuzwa kwa wachache Marekani mwaka 2013, iliweka kiskrini juu ya usawa wa jicho ili uinue macho makusudi ukitaka kusoma. Mwaka huohuo dereva mmoja San Diego alipewa faini kwa kuivaa akiwa kwenye usukani. Januari 2014 kesi ikafutwa, kwa sababu hakukuwa na ushahidi kwamba ilikuwa imewashwa. Hapo ndipo penye utata: trafiki simu anaiona mkononi, miwani je?

Meta Ray-Ban Display, iliyoingia sokoni Marekani Septemba 2025 kwa dola 799, nayo imeweka skrini pembeni kidogo, si katikati. Ila angalia kitu kimoja. Miwani hii na ile ya Google zote skrini iko jicho la kulia. Marekani magari yanakwenda kulia, kwa hiyo ukishuka barabarani gari la karibu linatoka kushoto kwako. Sisi huku ni kinyume. Tulifundishwa tukiwa wadogo: tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena. Bajaji ya kwanza ya Makorora inakuja upande uleule wenye meseji. Kwangu hilo si dogo hata kidogo, na ningependa kuona mtu anayeuza Afrika Mashariki analijibu.

Zile kubwa zinazofunika uso mzima ni habari nyingine. Apple Vision Pro ya mwaka 2024 inakuonyesha dunia kupitia kamera, maana yake chaji ikikata uko gizani papo hapo. Ukiwa umezama kabisa kwenye picha zake na ukasogea zaidi ya mita 1.5, picha zinafifia ili uone ulipo. Wazo zuri, kwa sebuleni. Hata hivyo, ilipotoka tu zikasambaa video za watu wakiwa nayo ndani ya magari, hadi waziri wa uchukuzi wa Marekani, Pete Buttigieg, akalazimika kuwakumbusha madereva wajibu wao. Hiyo usiitoe nje ya mlango, basi.

Kwa zile nyepesi, shemeji alikaa na mister jioni ile wakazirekebisha: meseji zisijitokeze mtu akitembea, njia iwe mshale tu bila maneno, masikio yabaki wazi. Suala la mama mkwe tulilimaliza usiku barazani. Mimi ndiye nitakayekuja kwa miezi mitatu.

Na kama mwenzako bado anaitaka, twende naye dukani. Avae, umtumie meseji ndefu, halafu simama upande wake wa kulia, hatua tatu, umnyooshee vidole akiwa anasoma. Akikosea idadi, zimeni meseji mjaribu tena kabla hamjatoa hela.