Kiti cha Kaimu

Sisi tunaohudumu Buguruni tunajua kwamba siku ya mechi ya Taifa Stars, mahubiri mengine hutolewa katika vibanda umiza. Wahubiri wake ni wengi na hawahitaji kipaza sauti. Timu ikifungwa, neno moja halikosekani: aletwe Mzungu. Halisemwi kwa chuki. Linasemwa kama mtu anavyosema paa linavuja, aitwe fundi.

Tukumbuke Januari 2024, kule Ivory Coast. Stars ilifungwa na Moroko 3-0. Kocha Adel Amrouche, raia wa Algeria, akafungiwa na CAF, na timu akakabidhiwa Hemed Suleiman kama kaimu, akisaidiwa na Juma Mgunda. (Hemed naye huitwa Morocco, lakini huyu ni wa kwetu.) Wakatoka sare ya 1-1 na Zambia, kisha 0-0 na DR Congo. Siku zilezile wenyeji wa mashindano waliachana na kocha wao Mfaransa, Jean-Louis Gasset, wakampa timu msaidizi wake, Emerse Faé, kwa muda tu. Yule wa muda akatwaa kombe.

Kwetu ukaimu wa mzawa una historia ndefu. Mwaka 2022 Mgunda aliishika Simba ilipokuwa haina kocha mkuu, akaiingiza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari 2023 akaja Mbrazili, Robertinho, na Mgunda akarudi kuwa msaidizi. Nyuma zaidi, mwaka 1979, Joel Bendera aliinoa Stars iliyokwenda Ndola kuikabili Zambia. Bao la Peter Tino likatupeleka Lagos. Kwenye fainali zenyewe, mwaka 1980, kocha mkuu alikuwa Mpolandi, Slawomir Wolk. Vijana wengi wa kipaimara wamelisikia jina la Tino kwa baba zao. Tukiwauliza kuhusu Bendera, wanamkumbuka kama mkuu wa mkoa.

Kanisa letu linaifahamu habari ya namna hii. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamisionari Wajerumani, walimu Waafrika ndio waliobaki na makundi ya waumini. Walifundisha katekisimu, walizika, walipatanisha wenye ugomvi. Kazi ilikuwa ya mchungaji, cheo kikabaki cha mwalimu. Ilichukua muda mrefu kufika mwaka 1963, KKKT ilipoundwa na Stefano Moshi akawa mkuu wake wa kwanza. Na mwaka 1977, hapahapa Dar es Salaam, Fungamano la Kilutheri Duniani lilimchagua Askofu Josiah Kibira kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kukalia nafasi hiyo.

Wapo wanaouliza mpira unahusianaje na imani. Tunawapeleka kwa Yakobo, sura ya pili, kwa yule mgeni mwenye pete ya dhahabu aliyeingia pamoja na maskini. Yakobo hakusema mwenye pete afukuzwe mlangoni. Shida yake ilikuwa viti: nani anaonyeshwa pa kukaa vizuri, nani anaambiwa asimame au akae chini, kabla yeyote hajafungua kinywa. Pete ya siku hizi yaweza kuwa pasipoti, au ngozi.

Kwa hiyo hatusemi kocha mgeni asije. Mwenye ujuzi aje, alipwe, aheshimiwe. Tunauliza tu kwa nini sare ya mgeni huitwa mbinu, na sare ya Hemed huitwa bahati.

Tarehe 19 Novemba 2024, Uwanja wa Mkapa, Simon Msuva alifunga, Guinea ikalala 1-0, na Stars ya Hemed ikafuzu fainali zilizopangwa kuchezwa Moroko. Novemba 2025, wiki chache kabla ya fainali hizo, TFF ikatangaza kuachana naye, na timu akapewa Miguel Gamondi wa Argentina. Haki isemwe: Gamondi aliifikisha 16 bora, mara ya kwanza kwa taifa letu, na Buguruni haikulala. Jumapili iliyofuata, tulipofika kwenye sala ya shukrani, mzee mmoja wa kanisa alimtaja Gamondi. Akanyamaza kidogo, kisha akamtaja Hemed, na usharika ukaitikia amina kwa yote mawili.