Kujua Hali ya Mzinga Bila Kuufungua



Kila mama anajua kumwekea mtoto mkono kwenye paji la uso usiku wa manane bila kumwamsha. Mkono wenyewe hutueleza: huyu yu salama, au huyu ana homa, inuka uwashe taa. Mwezi huu nataka niwaeleze jinsi watu wa nchi za baridi wanavyofanya jambo kama hilo kwa nyuki wao. Hutumia kamera inayoona joto, nami nimepata kulishuhudia jambo hilo kwa macho yangu.

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Sikonge, Tabora, ambako asali si kitu kigeni. Wazee wetu hutundika mizinga ya magome juu ya miti, na nyuki wa kwetu wakibanwa na njaa au usumbufu, huhama. Kwa miaka kadhaa sasa naishi na mume wangu na watoto katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ninakofanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Huko, kukiwa na baridi, nyuki hawana pa kuhamia. Kuanzia Novemba hadi Machi hakuna ua, na zipo asubuhi ambazo kipimajoto husoma nyuzi 20 na zaidi chini ya sifuri.

Kanisa letu lina bustani ya mboga, na kando yake ipo mizinga minne. Aliyeianzisha ni mzee mmoja wa kanisa pamoja na mkewe. Mzee alifariki Oktoba 2024, na mkewe, ambaye sisi Watanzania wa pale tunamwita Bibi, akabaki nayo. Mimi nimo katika kamati ya akina mama wanaowatembelea wafiwa. Nilipokwenda kwake mwezi wa Januari hakuzungumza sana juu ya mumewe. Alizungumza juu ya nyuki.

"Sijui kama wapo hai," aliniambia. "Na siwezi kufungua nikatazama."

KWA NINI ASIFUNGUE?

Wengi hudhani nyuki hulala usingizi wakati wa baridi. La hasha. Baridi inapozidi hukusanyika wote wakawa bonge moja, malkia akiwa ndani. Walio katikati hutetemesha misuli ya kurukia bila kupiga mabawa, na mtetemo huo huzalisha joto. Walio pembeni hushikamana, vichwa vikiwa ndani, wakawa kama blanketi la wenzao. Nje ya bonge joto laweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi za Sentigredi. Lakini wanapoanza kulea watoto, hata kabla theluji haijaisha, katikati hufika nyuzi 33 hadi 36, karibu sawa na mwili wa binadamu.

Kuni za moto huo ni asali. Kundi moja huhitaji kilo 30 hadi 40 kuvuka majira ya baridi ya Minnesota. Nyuki huila wakipanda polepole kutoka chini ya mzinga kwenda juu. Baridi ikiwa kali mno, bonge haliwezi kusogea hata upana wa kiganja kuifuata asali iliyo kwenye fremu ya pili. Hapo ndipo mfugaji hukuta, siku ya kufungua, nyuki waliokufa kwa njaa vichwa vikiwa ndani ya vijumba vitupu, na asali ipo pale pale jirani.

Kwa hiyo kuna haja ya kujua mapema. Lakini ukiinua kifuniko siku ya theluji, unavunja gundi ambayo nyuki wamezibia nyufa, joto lao linatoka, na nyuki anayetengana na bonge hupooza akafa. Mwenye kutaka kuwasaidia aweza kuwa ndiye anayewaua.

KAMERA INAYOONA JOTO

Kila kitu chenye joto hutoa mionzi ambayo macho yetu hayaioni. Mwaka 1800, huko Uingereza, William Herschel aliutawanya mwanga wa jua katika rangi zake na kuweka vipimajoto kwenye rangi hizo. Alishangaa kuona kwamba kipimajoto kilichowekwa kando ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana mwanga wowote, ndicho kilichopanda zaidi. Mionzi hiyo ndiyo inayosomwa na kamera hizi na kugeuzwa picha. Mara nyingi penye baridi hupakwa rangi ya buluu, na penye joto rangi ya machungwa au njano.

Zamani kamera hizo zilikuwa za bei kubwa mno. Mwaka 2014 kampuni ya FLIR ilitoa kifaa kidogo cha kuchomekwa kwenye simu, na siku hizi vya namna hiyo hupatikana kwa dola mia chache. Ndivyo vilivyowafikia wafugaji wa nyuki wa kawaida.

Wanasayansi walitangulia kuzitumia. Mwaka 2003 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, walieleza jinsi walivyowatazama kwa kamera ya joto nyuki wanaolea. Waliona kwamba baadhi yao huingia kichwa kwanza katika vijumba vitupu vilivyo kati ya watoto, wakakaa humo wakichemsha vifua vyao hadi nyuzi 42 hivi. Nyuki mmoja akiwa ndani ya kijumba kimoja huwapasha joto watoto wa vijumba vyote vinavyomzunguka. Niliposoma habari hiyo niliwakumbuka watoto njiti tunaowafunga kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, ili joto la mama liwalee.

Lakini ni lazima tuelewe jambo moja. Kamera haioni kupitia ubao. Huona uso wa nje wa mzinga tu, mahali ambapo ubao umepashwa joto na bonge lililo nyuma yake. Jua likishaupiga mzinga, picha inadanganya. Upepo nao hudanganya, na bati linalong'aa hudanganya zaidi.

ASUBUHI YA FEBRUARI

Mzee mmoja wa kanisa letu ni fundi wa kuchunguza mahali nyumba zinapovujisha joto, na kamera hiyo ndiyo nyenzo yake ya kazi. Februari 2025 nilimwomba atusaidie. Tulikwenda bustanini kabla jua halijachomoza, Bibi, fundi na mimi niliyekuwa natoka zamu ya usiku. Kwanza fundi alipiga picha ya sanduku tupu la mzinga lililokuwa kando, ili tujue mzinga usio na kitu unafananaje. Lilikuwa buluu tupu.

Mzinga wa kwanza ulikuwa na doa la rangi ya machungwa katikati, mviringo kama chungwa lenyewe. Bibi alishika mdomo. Wa pili nao ulikuwa na doa, dogo kidogo. Wa tatu ulikuwa na doa zuri kuliko yote, lakini lilikuwa juu kabisa, chini ya kifuniko. Bibi alitambua mara moja maana yake: hawa wamekwisha kupanda hadi darini, na huenda asali imekwisha. Mzinga wa nne ulikuwa buluu kama lile sanduku tupu.

"Huu umekufa," alisema fundi kwa upole.

Sisi wauguzi tunafundishwa kwamba mwili uliopoa si lazima uwe maiti. Hatutangazi kifo kwa kipimajoto peke yake. Nilikuwa na stetoskopu mfukoni mwa koti, nikaitoa. Niliiweka ubavuni mwa mzinga, nikagonga ubao kwa kifundo cha kidole, sikusikia kitu. Nikazunguka nyuma, nikagonga tena. Mvumo mdogo ulipanda, kisha ukatulia.

Nilimvisha Bibi ile stetoskopu masikioni. Akainama kwenye theluji, akasikiliza muda mrefu, wala hakuna aliyemharakisha. Alipoinuka alisema neno moja tu: "Wapo." Lilikuwa kundi dogo, lililojikunja katikati ya mzinga, mbali na kuta, na joto lake halikufika kwenye ubao.

Siku mbili baadaye jua lilitoka mchana na upepo ukatulia. Bibi alitengeneza tofali la sukari nyeupe iliyolowanishwa kidogo na kushindiliwa, akainua kifuniko cha mzinga wa tatu, akaliweka juu ya fremu na kufunika upesi. Hata dakika moja haikuisha. Wa nne naye tulimfanyia vivyo hivyo.

KAMERA ISICHOWEZA KUSEMA

Ningependa kuwaambia kwamba mizinga yote ilipona. Mwishoni mwa Machi, siku ya kwanza nyuki walipotoka kuruka, mlango wa mzinga wa pili ulikuwa kimya. Ni ule uliokuwa na doa la joto mwezi Februari. Tulipoufungua tulikuta nyuki wachache waliokufa, na asali ya kutosha. Bibi alinionyesha vitone vyeupe kwenye kuta za vijumba: kinyesi cha utitiri aitwaye varoa, anayewanyonya nyuki na kuwaambukiza virusi. Kamera haikusema uongo, kwani siku ile joto lilikuwapo. Lakini hata mwenye homa ana joto. Picha ilituambia kwamba wapo na mahali walipo, haikutuambia afya yao. Utitiri hupimwa na kutibiwa kabla ya baridi kuingia, na miezi ile Bibi alikuwa kitandani pa mumewe hospitalini.

Wala si yeye peke yake aliyepata hasara ya namna hiyo. Katika mwaka ulioishia Aprili 2023, wafugaji wa Marekani walioulizwa walipoteza karibu asilimia 48 ya makundi yao. Kati ya mizinga minne ya Bibi, mitatu iliiona Aprili, ukiwamo ule ambao picha ilikuwa imeuhesabu miongoni mwa wafu.

KWETU NYUMBANI

Najua wapo wasomaji wenye vikundi vya akina mama vya kufuga nyuki. Kwetu hakuna theluji, wala sikushauri utafute kamera ya dola. Lakini kanuni ni ile ile. Usifungue mzinga kwa kutaka tu kujua. Tazama kwanza mlangoni: je, wanaoingia wamebeba chavua miguuni? Weka sikio ubavuni jioni. Ukifungua, uwe na sababu, uwe na moshi tayari, na ufunge mapema. Na ukipata chombo cha kukusaidia, jua kinachokuambia na kisichokuambia.

Yaliyo ya nyuki yamo pia katika nyumba zetu. Jirani aliyefiwa, binti aliyeolewa mbali, mama mkwe aliyenyamaza: wakati mwingine hatuwezi kuingia na kufunua kila kitu bila kuwapotezea joto kidogo walilobaki nalo. Lakini twaweza kukaa karibu na kusikiliza, tena si kwa upande mmoja tu, na kupeleka sukari mapema. Tusipoona dalili ya uhai kwa nje, tusifanye haraka kusema huyu amekwisha. Tuzunguke na upande wa pili, tugonge tena polepole, na tungoje jibu.