KWENDA NI UPEPO, KURUDI NI AKILI
Siku ya tanga katika bahari ya Paje

Ndugu msomaji, kutoka Mjini Unguja hadi Paje ni safari ya kilomita 50 hivi. Barabara hupita Tunguu, huingia katika msitu wa Jozani ambako kima punju huvuka njia bila haraka, hufika Kitogani, kisha huelekea mashariki. Ukishika njia hiyo haupiti muda mrefu kabla ya kuiona bahari ya rangi mbili. Iliyo karibu ni ya kijani kilichochanganyika na weupe wa mchanga, nayo imetulia kama maji ya bakuli. Ya mbali ni buluu iliyokoza, na baina ya hizo mbili umekatiza mstari mrefu wa povu. Mstari huo ndio mwamba, na maji yaliyo ndani yake ndiyo uwanja wa kila mtu: wavuvi na ngalawa zao, akina mama na mashamba yao ya mwani, na watoto wanaojifunza kuogelea.

Katika uwanja huo wameingia wachezaji wa upepo. Walio wengi leo hapo Paje ni wale wanaokokotwa na tiara kubwa zinazopaa juu ya vichwa vyao. Lakini wapo pia wanaopanda ubao wa tanga, na hao ndio ninaotaka tuwazungumze Jumapili hii, kwa kuwa vijana wetu nao wameanza kuupenda mchezo huo, na mzazi anayemruhusu mwanawe kutoka na tanga ana haki ya kujua atarudi vipi.

Ubao wa tanga si chombo cha zamani. Wamarekani wawili, Hoyle Schweitzer na Jim Drake, waliombea hati ya uvumbuzi wake mwaka 1968, na katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984 watu walishindana kwa mbao hizo kwa mara ya kwanza. Siri yake ni kiungo kimoja tu. Mlingoti hausimami imara kama ule wa ngalawa, bali umefungwa katika kiungo kinachopinda kila upande. Chombo hiki hakina usukani. Anayekiendesha husimama, hulishika tanga kwa mikono, na akililaza mbele ubao huukimbia upepo, akililaza nyuma ubao huuelekea.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo ulipo uzuri wake na ndipo ilipo hatari yake. Ngalawa ikivunjika mlingoti, nahodha hubaki na kafi, upondo na mwenzake wa kushauriana naye. Ubao wa tanga ukivunjika mlingoti, hubaki mtu mmoja na mikono yake miwili.

UJUE UPEPO KABLA YA KUUPANDA

Pepo kuu za pwani yetu ni mbili. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi mwanzoni mwa Machi, na kusi hushika nguvu tangu Juni hadi Septemba. Baina yake ni tanga mbili, majira ambayo upepo haujulikani unataka nini. Ufuko wa Paje unatazama mashariki, kwa hiyo kaskazi na kusi zote hupiga kwa mshazari, zikimsukuma mtu kando ya pwani na kumwegemeza kidogo nchi kavu. Hiyo ni bahati kubwa. Aliyeharibikiwa na chombo wakati wa kusi huchukuliwa upande wa Bwejuu. Aliyeharibikiwa wakati wa kaskazi huchukuliwa upande wa Jambiani. Mwenye busara huanza siku yake kwa kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo, ili jambo likimpata upepo umrudishe alikotoka badala ya kumpeleka mbali zaidi.

Upepo wa kuogopwa ni ule utokao nchi kavu. Asubuhi, hasa nyakati za tanga mbili, umande huweza kuvuma kutoka magharibi. Ukiwa ufukoni huuhisi, kwani minazi na nyumba zimekukinga, na maji ya karibu hulala kama kioo. Kadiri unavyokwenda mbele ndivyo unavyozidi nguvu, na kila dakika unayokaa juu ya ubao inakupeleka karibu na mwamba. Katika upepo wa namna hiyo usitoke. Hakuna ufundi unaoweza kuchukua nafasi ya kubaki pwani.

MAJI YANA SAA ZAKE

Mgeni hutazama upepo tu; mwenyeji hutazama mwezi pia. Wakati wa bamvua, mwezi unapokuwa mwandamo au mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita 4 hivi. Katika siku hizo maji hupwa kabisa yapata saa 4 asubuhi, na hujaa yapata saa 10 alasiri. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, hata kufikia maji mafu mambo yamekwisha kugeuka, na tofauti ya kina imekuwa ndogo.

Hebu fikiri maana yake. Siku ya bamvua, saa 10 alasiri, bahari imejaa mpaka kwenye minazi, upepo ni mzuri, na kijana anasema ataongeza mzunguko mmoja. Lakini tangu dakika hiyo maji yameanza kutoka, na hayatoki kila mahali kwa namna moja. Yanakusanyika kuelekea milango ya mwamba, na hapo mkondo huwa mkali. Jua nalo litazama baada kidogo ya saa 12. Mtu aliyevunjikiwa na chombo karibu na mlango wa mwamba saa 11 ana vitu viwili vinavyomkimbia kwa pamoja, maji na mwangaza. Kwa hiyo weka kanuni: siku ya bamvua, maji yakianza kutoka, wewe uwe umekwisha kugeuza kichwa cha ubao.

Ukichukuliwa na mkondo wa mlango, usishindane nao uso kwa uso. Piga makafi kwa kuukata, sambamba na mwamba, mpaka utoke katika njia yake. Kisha ndipo uelekee pwani.

KITU KIKIKATIKA

Mambo yanayomwangusha mtu baharini mara nyingi ni madogo: kamba iliyolika, kiungo kilichopasuka, pezi lililong'oka. Dawa yake huanzia mchangani. Kagua kila fundo kabla ya kutoka. Beba kamba imara ya mita 4 au 5 iliyofungwa kiunoni, na firimbi, na vaa koti la kuelea. Kamba hiyo inaweza kufunga mlingoti kwenye ubao kiungo kikivunjika, na inaweza kuwa ya kukokotewa ukipata msaada.

Msiba ukitokea, la kwanza ni kukaa na ubao. Pwani huonekana karibu kwa macho na mbali kwa mikono, na kichwa cha mtu anayeogelea ni kitu kidogo mno kuonekana katika mawimbi. Watu wa Visiwani wanalijua somo hili kwa uchungu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama baina ya Unguja na Pemba na kuchukua roho nyingi, baadhi ya walionusurika walikutwa wameshikilia magodoro. Ikiwa godoro liliokoa mtu katika giza na mkondo ule, ubao uliotengenezwa kwa ajili ya kuelea usiuache kwa hiari yako.

La pili ni kujaribu njia nyepesi. Kama upepo ni mdogo na pwani si mbali, liweke tanga juu ya mkia wa ubao, mlingoti ukielekea nyuma, ili lisilowe na kukuzuia. Lala kifudifudi mbele yake na upige makafi kwa mikono yote miwili, taratibu, bila papara.

Kama upepo ni mkali au mwendo ni mrefu, likunje tanga. Kaa kama mpanda punda juu ya ubao. Legeza kamba ya nyuma ya tanga, kisha uulaze mshikio usambae na mlingoti au uutoe kabisa. Toa vijiti vya tanga ikiwa vinakuzuia, kisha viringisha nguo kuelekea mlingoti na uifunge kwa kamba zako. Usiutenganishe mlingoti na ubao mpaka umalize, maana ubao mtupu hukimbizwa na upepo kuliko unavyoweza kuogelea. Halafu ulaze mzigo huo juu ya ubao kwa urefu wake, ulale juu yake, na uanze safari. Kazi hii yafaa ifanywe mara kadhaa katika maji ya kifuani, mbele ya mwalimu, kabla ya kuihitaji. Mikono iliyochoka haijifunzi.

Na je, tanga litupwe lini? Wako wanaolitupa mapema kwa hofu, na wako wanaolishikilia kwa kuionea uchungu bei yake. Kipimo ni hiki: kama unachukuliwa nje na huna nguvu za kupiga makafi, liache limezama huku limeshikamana na ubao, kwa kuwa huwa kama nanga ya maji na hupunguza mwendo wa kuchukuliwa. Lakini kama unaona wazi kwamba ubao mtupu utakufikisha pwani na ubao wenye mzigo hautakufikisha, liache liende. Tanga hununuliwa.

KUOMBA MSAADA SI AIBU

Ishara inayofahamika duniani kote ni hii: kaa juu ya ubao, nyosha mikono yote miwili kando, uinyanyue na kuishusha polepole, tena na tena. Usipunge mkono mmoja, kwani aliye pwani atadhani unamsalimu, naye atakurudishia salamu akaendelea na shughuli zake.

Ngalawa ikija, laza tanga lako kabla haijakufikia. Mpe nahodha kamba, msikilize yeye, wala usirukie mirengu, maana ndiyo inayokiweka chombo chake sawa. Kumbuka pia kwamba mvuvi aliyekujia ameacha mshipi wake na riziki ya siku yake. Anastahili zaidi ya neno la asante.

Nao akina mama wa mwani wana haki yao katika bahari hii. Kilimo cha mwani kilianza katika mwambao huu mwaka 1989, na kimewapatia wanawake wengi fedha za kusomesha watoto na kuezekea nyumba. Mashamba yao ni safu za vigingi vilivyofungwa kamba, na maji yakijaa hayaonekani. Pezi la ubao likipita hapo hukata kazi ya wiki nzima, na kamba hiyo hiyo huweza kumwangusha mpita njia kichwa mbele juu ya kigingi. Maji yakiwa yamepwa, tembea kwa miguu uyaone mashamba yalipo. Maji yakijaa, pita mbali nayo. Uharibifu ukitokea, mtafute mwenye shamba umlipe.

HATUA ZA MWISHO

Wengi huumia wakiwa wamekwisha kufika. Usingoje pezi likwame mchangani. Teremka maji yakiwa magotini, na teremka taratibu, usiruke, maana chini kuna mawe na wale viumbe wa miiba myeusi ambao mguu uliowakanyaga hauwasahau. Viatu vya mpira ni lazima. Mawimbi yakiwa yanapiga ufuko, usisimame baina ya chombo chako na nchi kavu, kwa sababu wimbi moja linatosha kukisukuma kikakuvunja mguu. Beba tanga huku mlingoti ukiwa upande unakotoka upepo, nalo litakaa jepesi mikononi. Ukilibeba kinyume litapindua mtu mzima. Ukilitua mchangani, lielekeze vivyo hivyo na ulikandamize kwa mchanga.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Walikuwa wakizungumza juu ya jahazi, lakini maneno yao yanamfaa hata huyu asiye na tezi wala omo ya kutembelea. Bahari ya Paje haimnyimi mtu furaha yake. Inachotaka ni kwamba kabla ya kutoka awe amekwisha kufikiri jinsi ya kurudi, tena awe amemwambia mtu mmoja pwani anakwenda upande gani na atarejea saa ngapi.

Na akirejea, amwendee mtu yule yule amwambie amefika, hata kama amefikia Bwejuu na imembidi apande gari kurudi Paje. Kama ameuacha ubao au tanga baharini, aseme pia. Ubao mtupu ukionekana unaelea jioni, wavuvi hawaulizi ni wa nani. Husukuma ngalawa zao majini wakamtafute mwenyewe, gizani, juu ya mwamba. Usiwape watu hao safari ya kumtafuta mtu aliyekwisha kulala.