Kura ya Nne

Tarehe 20 Desemba 2023 ilikuwa siku ya mapumziko yenye malipo nchini kote, ili kila mwenye karti aende kupiga kura. Hapa Lubumbashi tulikuwa na kura nne: ya Rais, ya wabunge wa taifa, ya wabunge wa jimbo, na ile iliyotugusa kwa karibu zaidi, ya washauri wa komini. Wengi wetu tuliotimiza miaka hamsini hatukuwahi kuiona hiyo ya nne.

Wazee wetu waliiona. Desemba 1957, chini ya utawala wa Wabelgiji, wanaume wa Élisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa, walichagua washauri wa komini zao. Wanawake hawakuitwa. Katika komini za Waafrika wengi wa waliopata uongozi walikuwa wenye asili ya nje ya Katanga, hasa Kasai. Haikuwa ajabu, kwani migodi na reli ndizo zilizowaleta. Lakini walioshindwa hawakulipokea jambo hilo hivyo. Oktoba 1958 Conakat ikaundwa, na neno "mgeni" likapata makali mapya.

Makali hayo tuliyaona wenyewe mwaka 1992 na 1993. Watu tuliosoma na kusali nao walifukuzwa makwao. Maelfu walilala katika vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi, wakingoja treni ya kwenda Kasai, nchi ambayo baadhi yao hawakuwahi kuikanyaga.

Basi, tulipopanga mstari katika uwanja wa shule, masikio yetu yalikuwa wazi. Mshauri wa komini haamui vita wala thamani ya fedha. Yeye hushughulikia soko, mifereji na takataka. Tena kwa sheria ya 2008 ni baraza lao linalomchagua mkuu wa komini, ambaye sisi tumezoea kuletewa kwa uteuzi. Hata hivyo swali la kwanza mstarini lilikuwa, "Huyu ni mtu wa wapi?" (Katika jumuiya zetu ndogo hatuulizi alikozaliwa babu wa mtu kabla ya kumpa zamu ya kusoma Neno.)

Mama mmoja muuza mboga alijibu bila kugeuka: "Anakaa nyuma ya soko. Mvua ikinyesha, maji yanaingia kwake kama kwangu."

Aliyeuliza alinyamaza kidogo, kisha akataka kujua kama mtu huyo aliwahi kuzibua mfereji hata mmoja. Mabishano yakaanza upya, na yalikuwa makali, lakini safari hii yalihusu mfereji.