Fondasio ya ng'ambo, na neno la watu wa Lwiro

Mgonjwa akichukuliwa kutoka Lwiro kwenda Katana, jamaa hawasemi kwamba amepelekwa hospitali ya rejea. Wanasema: amepelekwa Fomulac. Jina hilo limekaa mdomoni kama jina la kilima au la mto, na vijana wengi hawajui kwamba ni herufi za mwanzo za Kifaransa: Fondation Médicale de l'Université de Louvain au Congo. Fondasio basi, shirika lisilotafuta faida, lililoanzishwa mwaka 1926 na watu wa chuo kikuu cha Louvain, Ubelgiji, ili litumike katika nchi isiyo yao.

Lwiro nayo ilizaliwa kwa njia kama hiyo. Mwaka 1947 Wabelgiji walianzisha IRSAC, taasisi ya uchunguzi wa sayansi kwa Afrika ya Kati, wakaleta makao yake hapa, juu ya ziwa Kivu. Majengo yale makubwa ndiyo leo nyumba ya CRSN. Mkaaji wa Kabare alibeba mawe, alilima bustani, alitibiwa pia. Lakini siku ya kuamua, hakuna aliyemwita. Tusisahau kwamba hospitali ilibaki na inaponya watu hadi leo. Hilo ni jambo kubwa. Lakini swali la nani aliyekuwa na neno lilibaki pia.

Sasa mambo yamegeuka. Wanaotaka kufungua fondasio katika nchi ya kigeni ni watoto wa hapa hapa, walioko Kampala, Bujumbura, Brussels au Kanada. Tangu vita vilipofika Kavumu na Bukavu mwezi wa pili 2025, familia zimetawanyika, na ndugu walioko ng'ambo wanatafuta njia ya kuzisaidia yenye karatasi, ili hata mgeni aweze kutoa mchango wake bila mashaka.

Karatasi yenyewe si mlima. Kule Uholanzi mtu mmoja tu anaweza kuanzisha fondasio: anakwenda mbele ya notari, anaandikisha sheria za shirika na majina ya halmashauri, kisha shirika linaingizwa katika daftari la chumba cha biashara. Ubelgiji nako fondasio hupita kwa notari. Uganda ina sheria yake ya mashirika, ya mwaka 2016, na kila nchi ina ofisi yake na foleni yake.

Jambo ambalo wengi hawalisomi ni hili: fondasio ya Uholanzi, kwa sheria, haina wanachama. Ile ya Ubelgiji vilevile. Kuna halmashauri, basi. Hakuna mkutano mkuu ambamo mama wa Lwiro anaweza kuinua mkono na kusema, "Pesa ya mbegu ilikwenda wapi?" Halmashauri ikiwa nzuri, kazi itakwenda. Ikiwa mbaya, yule mama hana mlango wa kugonga, hata kama picha yake iko kwenye kila tangazo.

Kongo sheria imechukua njia nyingine. Ile namba 004/2001, ya tarehe 20 Julai 2001, inataka shirika lisilotafuta faida liwe na wanachama wasiopungua saba, na hati ya mwisho inatoka kwa waziri wa sheria. Shirika la kigeni linalotaka kutumika ndani ya nchi linahitaji ruhusa ya Rais wa Jamhuri. Kwa hiyo ndugu aliyefungua fondasio huko ng'ambo akidhani anaweza kurudi tu Lwiro na kuanza kazi kwa jina lilelile, atashangaa: mbele ya sheria, shirika lake ni mgeni, hata kama yeye alizaliwa Kabare.

Bukavu ina mfano wa kutazama. Daktari Denis Mukwege alianza na kazi: hospitali ya Panzi, mwaka 1999. Fondation Panzi ikafuata hapa nyumbani mwaka 2008. Ile fondasio yenye jina lake huko La Haye, Uholanzi, ilikuja 2016 tu, kazi ikiwa imekwisha kuonekana. Na mwaka 2017, mtandao wa wanawake walionusurika ubakaji wa vita, kutoka nchi nyingi, ulipewa jina la Kiswahili: SEMA. Ng'ambo ilifuata nyumbani.

Karibu zaidi na Lwiro, kando ya mbuga ya Kahuzi-Biega, John Kahekwa alianzisha Pole Pole Foundation mwaka 1992 akiwa mtu wa hapo hapo, na wafadhili wa kigeni wakaja nyuma yake. Hata kituo cha sokwe cha Lwiro, cha mwaka 2002, kiko chini ya ICCN na CRSN, taasisi za Kongo. Mashirika ya kigeni, kama Coopera ya Hispania, yanakuja kama wasaidizi. Mgeni akiondoka, nyumba ina mwenyewe.

Halafu kuna pesa. Benki za Bukavu zilifunga milango mwezi wa pili 2025. Fondasio ya Ulaya lazima ionyeshe risiti, na benki za kule zina woga na malipo yanayokwenda mahali pa vita. Zinauliza jina, kazi, sababu. Pesa ya simu inafika, lakini inakatwa njiani, na anayepokea kwa niaba ya familia ishirini anabeba mzigo ambao mtu mmoja hapaswi kuubeba. Angalau watatu waandike kwa pamoja nani amepata nini.

Kwa hiyo familia iliyokimbia ikiombwa picha, sahihi na idadi ya watoto, iulize kwanza: shirika hili limeandikishwa nchi gani? Nani yuko kwenye halmashauri? Na hapa kwetu, nani anayetoa hesabu mbele ya watu? Kuuliza hivyo si utovu wa adabu, na mtu wa kweli hatakasirika.

Na ndugu walioko ng'ambo, kabla ya kumlipa notari, watafute wale saba wa nyumbani, walioko Lwiro, Kavumu au Katana, hata kama faili yao itachukua miezi kufika Kinshasa.