Ulianza Kuhesabu Wapi?

Wahenga hawakukosea waliposema kuwa kuuliza si ujinga. Hata hivyo, aghalabu binadamu huuliza lililo wazi na kuliacha lililojificha. Huuliza, "Ni umbali gani?" asiulize, "Kutoka wapi?" Somo hilo kijana mmoja wa Majengo alifunzwa mara mbili: mara ya kwanza akiwa amebeba sinia, mara ya pili akiwa amebeba dhamana ya uhai wa rafikiye.

Majengo ya Pumwani, jijini Nairobi, ni mtaa ulioanza katika miaka ya 1920, na vichochoro vyake havikupangwa kwa ajili ya mgeni. Humo mtu haelekezwi kwa nambari ya nyumba. Huelekezwa kwa Msikiti wa Riyadha, kwa Barabara ya Digo, au kwa upande wa Gikomba. Jioni moja ya Ramadhani, kijana huyo akiwa mtoto wa miaka minane, nyanyake alimtwika sinia ya futari aipeleke nyumba ya sita, kwa ajuza mmoja aliyekuwa mgonjwa. Alikwenda, akahesabu, akabisha, akapokelewa kwa shukrani tele. Kumbe alihesabu kutoka upande wa msikiti, ilhali nyanya alikusudia upande wa barabara. Ajuza akakaa na njaa hadi sinia nyingine ilipotengenezwa. Nyanya hakumkaripia. Alimuuliza tu, "Mjukuu wangu, sita yako uliihesabu kutoka wapi?"

Miaka ilipita. Kijana akakua, akawa na wenzake wanaopenda kutembea milimani siku za mapumziko. Safari moja waliyoipanga ilikuwa ya milima ya Nyandarua. Walikuwa na ramani ya karatasi ya kipimo cha 1:50,000 na kifaa cha GPS, na usiku wa kuamkia safari wakajadili wataitaja vipi sehemu waliyopo.

Mfumo wa kwanza ni ule wa latitudo na longitudo, tuliofundishwa sote darasani. Kwa mfumo huo, Majengo iko takriban digrii 1 na dakika 17 kusini ya Ikweta, na digrii 36 na dakika 50 mashariki. Ubora wake ni kwamba unaeleweka ulimwenguni kote. Ila una mtego: dakika si desimali. Atakayeandika 1.17 na 36.50 kwa kudhani ameitaja Majengo, atakuwa amejipeleka Bonde la Ufa, karibu kilomita 39 kutoka kwao.

Mfumo wa pili ni gridi ya UTM, ambayo huigawa dunia katika kanda 60 zenye upana wa digrii sita kila moja, kisha huhesabu kwa mita. Kwa mfumo huo Majengo iko katika kanda ya 37 Kusini, karibu na 260,000 mashariki na 9,858,000 kaskazini. Msafiri wa miguu huupenda, kwani kwenye ramani ya 1:50,000 sentimita mbili ni kilomita moja, na rula yatosha. Nao una masharti yake: longitudo ya digrii 36 na mstari wa Ikweta huikata Kenya katika sehemu nne, na asiyetaja kanda yake hajasema lolote.

Vijana wakachagua UTM. Ulikuwa uamuzi wa busara, ila ulikuwa nusu ya uamuzi.

Alasiri ya siku ya pili, ukungu ulitanda na mmoja wao akateguka kifundo cha mguu. Hakuweza kukanyaga. Kijana wa Majengo akasoma nambari katika kifaa chake, akazituma kwa simu kwa wenzake waliobaki kambini wakiwa na ramani. Nao wakazipima kwa uangalifu, wakatia alama, wakaondoka upesi. Saa mbili baadaye wakapiga simu: wamefika mahali penyewe, wala hapana mtu. Baridi ilikuwa imeanza kuuma, na majeruhi alikuwa ameacha kuzungumza.

Hapo ndipo kijana alipokumbuka sinia. Akawauliza wenzake, "Pembezoni mwa ramani pameandikwa nini?" Wakamsomea: Arc 1960. Kifaa chake kilihesabu kwa WGS 84.

Majina hayo mawili ni ya datamu, yaani misingi ambayo vipimo huanzia. Dunia si tufe kamili, na wapimaji huiwakilisha kwa umbo la kihesabu. Ramani za zamani za Kenya zilijengwa juu ya umbo lililokokotolewa na Clarke mwaka 1880. Setilaiti za GPS hutumia umbo jingine, lililowekwa kwa namna nyingine. Kwa hiyo nambari zile zile, zikisomwa kwa misingi miwili, huashiria sehemu mbili. Katika nchi yetu tofauti hiyo ni takriban mita 300 kaskazini-kusini, na karibu mita 90 mashariki-magharibi. Kwenye ramani ile ni milimita sita tu, hata unene wa penseli haufiki. Kwenye ukungu wa Nyandarua, milimita hizo sita zilikuwa bonde zima lenye kijito. Waokoaji walikuwa kusini; majeruhi alikuwa kaskazini.

Kijana akabadilisha mpangilio wa kifaa kuwa Arc 1960, akatuma nambari mpya. Giza lilikuwa limeshaingia miale ya tochi ilipochomoza kutoka upande wa pili wa bonde. Majeruhi alibebwa, akapona.

Waama, hakuna mfumo ulio bora kuliko mwingine kwa kila hali. Latitudo na longitudo hufaa kumwelekeza rubani. Gridi humfaa mwenda kwa miguu. La msingi ni kwamba mtumaji na mpokeaji wakubaliane kabla ya safari: mfumo upi, kanda ipi, datamu ipi. Nambari pasipo asili yake ni kama ile sinia ya futari. Itafika mahali, tena itapokelewa vizuri, lakini mgonjwa atalala na njaa.

Nyanyake hakupata kushika kifaa cha GPS maishani mwake. Hata hivyo, alijua swali lake.