Lamu: Nyumba yenye jina katika kila pembe

Ukishuka kwenye mashua inayotoka Mokowe, utakutana kwanza na mizigo ya ujenzi iliyolundikwa kwenye gati la Lamu: mifuko ya simiti, nondo, mabati, matita ya miti ya mikoko. Punda wamesimama kando wakisubiri. Vichochoro vya mji huu havipitiki kwa gari, kwa hiyo kila jiwe na kila karai la mchanga humfikia fundi likiwa limebebwa na punda, na mgeni hujifunza mapema kubana ukutani akisikia nyuma yake sauti ya "Simile! Simile!"

Nilikaa huko wiki moja, katika nyumba ya mawe mtaani Mkomani, upande wa mji wenye nyumba kongwe zaidi. Mwenyeji wangu ni bibi mwenye zaidi ya miaka 70, ambaye sitamtaja jina kwa sababu shauri la familia yake, nitakalolieleza hapa chini, bado halijaisha.

Sisi wa bara tukiulizwa nyumba ikoje, huwa tunahesabu. Vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko, choo cha ndani. Ukimuuliza Mwamu swali hilohilo hahesabu, anataja. Kila sehemu ya nyumba ina jina lake, na jina likishatajwa umejua nani anaruhusiwa kufika hapo, saa ngapi, na kwa jambo gani.

Unaanzia kwenye daka. Hicho ni kibaraza chenye paa mbele ya mlango mkubwa, na pande zake mbili zina viti vya mawe vilivyojengwa pamoja na ukuta, yaani baraza. Muuza samaki huishia hapo. Jirani aliyekuja kuuliza habari pia huishia hapo, na anaweza kukaa saa nzima akanywa kahawa bila kuvuka kizingiti. Ukivuka, unaingia tekani, ukumbi mdogo wenye ngazi, na hapo njia inapinda. Mpinde huo umewekwa makusudi. Mlango unaweza kuachwa wazi mchana kutwa na mpita njia asione chochote cha ndani.

Baada ya mpinde ndipo unapotokea kiwanda. Msomaji asitafute mashine wala moshi. Kiwanda cha Lamu ni ua ulio wazi juu, katikati ya kuta. Nyumba hizi karibu hazina madirisha upande wa njia, hivyo mwanga wote na upepo wote huingia kupitia kiwanda hiki. Liweke hilo akilini, kwa kuwa ugomvi wote wa familia ya bibi umesimama juu yake.

Chumba cha mgeni huitwa sabule. Mlango wake hutokea tekani, si kiwandani, ili mgeni wa kiume aweze kulala, kuamka na kuondoka bila kukutana na wanawake wa nyumba. Neno ni lilelile tunalolitumia sisi kwa matamshi ya sebule, ila sebule zetu siku hizi ndimo familia nzima inamoshinda, na mgeni akija watoto wanafukuzwa mbele ya televisheni. Waamu walilitatua jambo hilo kwa ukuta mmoja na mlango mmoja.

Kutoka kiwandani unapanda kidogo hadi msana wa tini, halafu kidogo tena hadi msana wa yuu. Tini na yuu ni chini na juu kwa Kiamu. Misana ni vyumba virefu, vyembamba, vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, na sakafu inainuka kila ukiingia zaidi. Nyuma ya misana ni ndani. Sikusema "ndani ya nyumba". Chumba chenyewe kinaitwa ndani, nacho ni cha mama mwenye nyumba. Humo ndimo zimo zidaka, vijishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu ukuta mzima, vimenakshiwa kwa chokaa. (Sisi tungesema vidaka, Waamu huweka zi penye vi.) Humo zilipangwa sahani na mabakuli ya kigeni, na humo ndimo bibi arusi alimoonyeshwa kwa wanawake waliokuja kumtazama.

Nyuma kabisa kuna chumba kimoja kidogo, chenye giza, kiitwacho nyumba ya kati. Bibi alinionyesha akiwa mlangoni, hakuingia. "Hapa mwanangu ndipo tulipozaliwa, na hapa ndipo tunapooshwa." Alizaliwa humo yeye na ndugu zake wote. Maiti ya kaka yake iliandaliwa humo kabla haijatolewa kwenda kuswaliwa.

Sitapita bila kutaja choo. Kando ya ukuta kuna birika la maji lililojengwa kwa mawe na kupakwa chokaa laini, na ndani yake wanaogelea samaki wadogo. Kazi yao ni kula viluwiluwi wa mbu. Chini ya birika limezikwa bakuli, ili maji yakipungua samaki wapate pa kubaki. Nimeona hoteli za bei kubwa ambazo hazikumfikiria mbu kwa makini namna hiyo.

Lakini kwa nini vyumba ni vyembamba hivi? Nilidhani ni desturi, hadi fundi aliyekuja kukagua nyumba aliponyoosha kidole juu. "Ni mti," alisema. Dari yote imelala juu ya boriti, na boriti ni mti wa mkoko. Mkoko ulionyooka na wenye nguvu za kubeba mawe hukupa kama mita mbili na nusu hadi tatu, basi. Urefu wa mti ndio upana wa chumba. Majahazi yalibeba miti hii kwa karne nyingi hadi Uarabuni na Ghuba, na nyumba za kale za huko nazo zina vyumba vya upana huohuo.

Mti wenyewe una ngazi zake za majina kwa unene. Mwembamba kabisa ni fito, kisha pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo, na mnene kupita yote ni banaa. Inauzwa kwa korja, yaani miti 20. Kijana anayejifunza kazi huanza kwa majina haya, kwa sababu akitumwa boriti akaleta mazio, dari itapinda kabla ya mwaka kuisha. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti mwaka 2018, wakataji wa huku walikosa kazi hadi marufuku ilipolegezwa kwao baadaye. Mafundi nao walikaa bila mti.

Kuta zina unene wa karibu nusu mita, za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la magogo, yakazimwa kwa maji, yakaachwa yapoe kwa muda mrefu. Fundi alichukua bisibisi akaichoma kwenye ukuta wa msana wa tini, mahali palipopigwa plasta ya simiti miaka michache iliyopita. Plasta ilibanduka kama ganda la yai. Nyuma yake palikuwa na unyevu na chumvi nyeupe. Chokaa huacha ukuta upumue, alieleza. Maji ya ardhini yanapanda, yanatoka, yanakauka. Simiti inayafungia. Yakikosa pa kutokea yanapanda hadi kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani, na huko mti unaoza bila mtu kuona.

Kwa nini basi watu wanapiga simiti? Kwa sababu inauzwa dukani, inakauka upesi, na kila kijana wa mjengo anaijua. Wanaolipia chokaa sasa mara nyingi ni wageni kutoka Ulaya walionunua nyumba hapa na kule Shela. Mji uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, jambo jema, lakini orodha hailipi fundi. Kwa maoni yangu hilo ndilo gumu lenyewe: aliyerithi nyumba ndiye asiyemudu kuitengeneza inavyotakiwa.

Na hapo ndipo ninapofika kwenye shauri la bibi. Nyumba ilikuwa ya baba yao. Kaka yake alipofariki, wanawe wakataka fungu lao, na sheria ya mirathi inawapa. Mmoja, anayeishi Mombasa, alipendekeza ukuta upandishwe katikati ya msana wa tini: mbele wachukue wao wapangishe, nyuma abaki shangazi. Kwenye karatasi ilikuwa sawa kabisa. Vyumba vya mbele vinahesabika, vya nyuma vinahesabika.

Fundi alikataa kazi. "Kiwanda kitabaki mbele," alimwambia kijana kwenye simu, sote tukisikia. "Shangazi yako atakuwa amerithi giza." Ndani, zidaka, nyumba ya kati, vyote vingekosa mwanga na upepo, na ukuta uliokosa upepo ndio unaokula boriti.

Yeye alipendekeza wagawane tini na yuu. Zamani, alisema, mtoto wa kike akikaribia kuolewa familia iliinua ghorofa juu ya ukuta uliokwisha kutulia, au ikajenga wikio, chumba kinachovuka juu ya njia hadi nyumba ya pili, ili binti aende na kurudi kwa mama yake bila kushuka mtaani. Nyumba hizi zinakubali kugawanywa hivyo. Ngazi iko tekani. Wa juu hapiti kwa wa chini.

Kijana akaafiki, bibi akaafiki. Kilichobaki ni sakafu. Neno hili limetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya paa au dari, nasi tumelishusha hadi miguuni, na katika nyumba ya Lamu maana zote mbili ni kweli: zege la chokaa lililopondwa juu ya boriti ni sakafu kwa wa juu na ni dari kwa wa chini. Boriti nne za msana zimeoza. Kijana anasema zinashikilia dari ya shangazi, kwa hiyo ni za shangazi. Bibi anasema zinabeba miguu ya wapangaji wake.

Nilipoondoka, fundi alikuwa ameshaegemeza nguzo mbili chini ya boriti mbovu, na ameagiza nusu korja kwa mkopo, kwa jina lake mwenyewe.